Bunduki imeanguka, darubini inaonekana nzima: je, uiamini?

Swali limetoka kwa msomaji wa Sikonge, mkoani Tabora: "Ninatunza silaha za askari wa doria. Bunduki yetu ya .375 yenye boliti, iliyofungwa darubini ya kukuza mara 1.5 hadi 5, iliteleza kwenye kiti cha Land Cruiser mlango ulipofunguliwa, ikaangukia mawe kwa ubavu wa kushoto. Darubini ina mkwaruzo tu, vioo vizima, ukichungulia unaona vizuri. Wenzangu wanasema niizero upya irudi kazini. Je, inatosha? Na tukinunua nyingine, tutafute ipi isiyoharibika ikianguka?"

Haitoshi, ndugu yangu. Kuzero, yaani kuirekebisha darubini ili risasi itue pale inapolenga, ni kazi ya mwisho. Ukianza nayo unafunga kidonda ambacho hujakisafisha. Pete ya kushikia darubini iliyosogea, au springi iliyochoka ndani ya darubini, itakubali kuzero leo. Baada ya risasi tano au kumi inaachia tena, na bunduki ya .375 haibebwi kwa ajili ya kanga. Hata hivyo usikimbilie kuitupa. Bunduki nyingi zinazoanguka kimo cha kiti cha gari hupona kabisa, na kinachoumia mara nyingi si mtutu wala vioo bali kile kinachoshikanisha hivyo viwili.

Chukua kalamu kidogo, maana hesabu hii inaeleza mengi. Bunduki yako na darubini yake ni kama kilo 4.5. Ikianguka mita 1 inafika chini na mwendo wa mita 4.4 kwa sekunde, ikibeba nishati ya joule kama 44. Teke la .375 yenye risasi ya gramu 19.4 huirudisha bunduki ya uzito huo nyuma kwa mwendo unaokaribia huohuo, na joule zake ni kama 48. Mbona basi darubini inavumilia mamia ya mateke halafu anguko moja linaiharibu? Kwa sababu teke linakwenda sambamba na bomba, na mtengenezaji alipanga kila lenzi na kila springi akijua pigo litatoka huko. Anguko linatoka ubavuni. Tena wakati wa teke darubini inaburuta uzito wake yenyewe tu, nusu kilo hivi. Lakini bunduki ikitua juu ya darubini, ni darubini inayobeba kilo zote nne za bunduki. Jiwe likiisimamisha ndani ya milimita 2, nguvu ya wastani inafika newton 22,000, yaani kama uzito wa tani mbili juu ya sehemu isiyozidi ukucha. Mchanga unaobonyea sentimita 2 unaipunguza hadi sehemu ya kumi. Ndiyo maana kabla ya kuuliza imeanguka kimo gani, uliza imetua na nini, na juu ya nini.

Kwako imetua kwa kushoto, juu ya mawe. Habari njema ni kwamba mkono wa boliti uko kulia, na kwenye darubini nyingi za aina hiyo kitufe cha kurekebishia pembeni nacho kiko kulia. Habari mbaya ni kwamba pigo la ubavu ndilo linalosogeza pete. Pete mbili pengine zimeachana milimita 100 hivi. Moja ikihama milimita 0.1, unene wa karatasi ya daftari, darubini inatazama pembeni kwa sehemu 1 katika 1,000, na kwenye mita 100 hiyo ni sentimita 10. Hakuna jicho linaloona kosa la namna hiyo kwa kuitazama bunduki. Na "ukichungulia unaona vizuri" ni ushahidi kwamba vioo havijavunjika, basi. Hakusemi lolote kuhusu mahali risasi itakapokwenda.

Kabla ya darubini kuna usalama, na hapa ndipo watu huruka hatua. Mtutu uelekee pasipo na mtu, toa magazini, fungua boliti, kisha ingiza kidole kwenye chemba, pale risasi inapokaa, uhakikishe ni tupu. Kama ilianguka ikiwa na risasi chembani, itazame fataki ya risasi hiyo, kile kiduara cha katikati ya kitako cha ganda, kwenye mwanga. Ikiwa na kidoa hata kidogo cha pini, maana yake pini ilisogea mbele bila mtu kugusa triga. Bunduki hiyo isirudi doria mpaka fundi silaha mwenye leseni aifungue. Risasi zilizokuwa kwenye magazini nazo zikague: yenye ganda lililobonyea, au kichwa kilichozama ndani kuliko wenzake, iwekwe kando.

Kisha toa boliti yote uchungulie mtutu kutoka upande wa chemba, ukielekeza mdomo kwenye anga jeupe. Ikianguka kwa mdomo kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa mvua, sentimita mbili tu za tope ndani zinatosha kupasua mtutu. Usijaribu kuitoa takataka kwa kupiga risasi. Pitisha ufito wa kusafishia kutoka chemba kwenda mdomoni, halafu kitambaa kikavu. (Hata bunduki isiyoanguka, ikikaa stoo wiki mbili bila kufunikwa, nyigu wa udongo wanaweza kuwa wameshajenga humo. Ichungulie.)

Sasa triga, chemba ikiwa tupu. Funga boliti ukiwa umeikoki, weka sefti (kizuizi cha triga), vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha ondoa sefti. Isilie. Ikilia hapo, yaani pini ikipiga, sehemu ndogo inayoizuia pini haishiki tena sawasawa. Rudia mara tano. Halafu funga boliti kwa nguvu mara kadhaa, kama mtu mwenye haraka, isilie. Mwisho, ikiwa imekokiwa, gonga kitako na mbavu za bunduki kwa nyundo ya mpira, mara moja moja, sefti ikiwa imewekwa na tena ikiwa imeondolewa. Isilie. Kama ni bunduki ya aina ya CZ 550, ile triga inayosukumwa mbele ili iwe nyepesi usiifanyie jaribio hili la kugonga ikiwa imetegwa, kwa sababu ikitegwa hulia kwa kuguswa tu, na hiyo ni kawaida yake. Kwa hiyo pia isibebwe ikiwa imetegwa hata hatua moja.

Niseme jambo kuhusu neno "imepimwa kuanguka", kwa kuwa wauzaji hulipenda. Kipimo kinachotajwa sana ni cha SAAMI, chombo cha viwanda vya silaha cha Marekani. Bunduki huangushwa kutoka futi 4, yaani mita 1.22, juu ya mkeka wa mpira wenye unene wa inchi 1, sefti ikiwa imewekwa. Kinachoangaliwa ni kimoja tu: ilie au isilie. Hakuna anayeipeleka baadaye kwenye shabaha, wala haitakiwi iwe bado inafaa kutumika. Mpira nao si mawe ya Sikonge. Kinga ya kweli dhidi ya bunduki kujifyatua ikianguka ni chemba tupu ndani ya gari, na hiyo haina gharama.

Tukija kwenye mbao: kitako kikivunjika huvunjika shingoni, pale kiganja kinaposhika, kwa sababu hapo mbao ni nyembamba na nyuzi zake mara nyingi zinakatiza mshazari. Ufa mwembamba hauonekani kwa kutazama. Futa shingo na eneo la nyuma ya mkia wa chuma kwa kitambaa chenye spiriti. Spiriti hukauka haraka kwenye uso, lakini ndani ya ufa hubaki, nao hujionyesha kama uzi mweusi. Bunduki kubwa za mbao hupata ufa hapo hata kwa teke tu, kwa hiyo huenda anguko limeuongeza na si kuuanzisha. Usiupeleke kwa fundi seremala akaupake gundi ya mbao na kuurudisha. Anaweza kuwa bingwa wa makabati ya mninga, ila kitako cha .375 ni kazi nyingine. Wala usiipeleke kwa mhunzi wa magobore; Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka matengenezo ya silaha yafanywe na aliyeruhusiwa, na una daftari la kuwajibikia.

Mdomo wa mtutu uangalie kwa pamba. Vuta kipande cha pamba kutoka ndani kwenda nje kuzunguka ukingo. Kikiacha nyuzi mahali, pana ncha iliyochomoza. Ncha ndogo kwenye ukingo wa mdomo husukuma risasi upande mmoja wakati inatoka, na hakuna darubini itakayoponya hilo. Fundi anaukata ukingo upya. Mtutu kupinda kwa anguko la mita moja ni nadra sana. Ukisikia mtu anasema umepinda, kagua kwanza kama mbao ya mbele haijahama ikaugusa.

Sasa skrubu. Ziguse kwa mpangilio wa kutoka chini kwenda juu: zinazoshika chuma ndani ya mbao, kisha za bezi (kipande kinachobeba pete juu ya bunduki), kisha za pete kwenye bezi, mwisho za vifuniko vya pete. Usifungue kwanza. Jaribu kukaza kidogo uone ipi inakubali kuzunguka. Hiyo ndiyo mshukiwa wako, iandike. Tazama pia bomba la darubini pembeni mwa pete. Mstari unaong'aa, upana wa nusu milimita, unaonyesha bomba liliteleza ndani ya pete. Na kama pete imeacha alama ya kubonyea kwenye bomba, usiisogeze ukidhani umeficha. Bomba lililobonyea linaweza kubana mitambo ya ndani.

Kaza kwa toki renchi ndogo (spana inayopima nguvu ya kukaza), si kwa hasira ya mkono. Vifuniko vya pete vinataka newton-mita 1.7 hadi 2.3. Skrubu ndogo za bezi 2.2 hadi 2.5, zile nene zaidi kama 3.2. Nati kubwa za kubania pete kwenye reli ya Picatinny, ile yenye meno, huwa kama 7, lakini kama pete zako zinabana moja kwa moja kwenye mwili wa bunduki wenye mkato wa milimita 19, kama wa CZ 550, fuata karatasi ya mtengenezaji wa pete, kwa kawaida ni chini ya hapo. Skrubu za mwili kwenye kitako cha mbao 4 hadi 5; kwenye plastiki yenye nguzo za chuma 6 hadi 7. Vifuniko vikaze kwa kupokezana, robo mzunguko kila kimoja, mwanya wa pande zote mbili ubaki sawa. Tone moja la gundi ya nyuzi ya rangi ya buluu kwenye skrubu za bezi, baada ya kuzifuta mafuta kwa spiriti. Nyekundu hapana: kuifungua kunataka moto mkali, na moto na bunduki havipatani. Ukimaliza, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete, na mwingine kutoka pete hadi kwenye bomba. Siku nyingine ikianguka utajua kwa sekunde tatu kama kitu kimehama.

Kabla ya kupoteza risasi, ambazo za .375 si za kuchezea, tumia mtutu kama darubini. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, toa boliti, na kupitia mtutu weka duara jeupe la mita 50 katikati. Bila kuigusa, chungulia darubini. Bunduki iliyokuwa imezero mita 100 itaonyesha msalaba wa ndani ya darubini sentimita chache chini ya duara na karibu sawa kwa kushoto na kulia. Ukiukuta msalaba umekwenda sentimita 20 pembeni, huhitaji risasi kujua kuna kitu. Ukiwa bado hapo, gonga bomba polepole kwa mpini wa plastiki wa bisibisi huku ukitazama. Msalaba ukiruka na usirudi, umeona ugonjwa kwa macho yako.

Ugonjwa huo upo wapi? Ndani ya bomba la nje kuna bomba jingine dogo, upande mmoja limeshikwa kwa kiungo, upande mwingine linasukumwa na springi dhidi ya skrubu mbili za kurekebishia, ya juu na ya pembeni. Ukipiga kliki, yaani ukizungusha kitufe hatua moja, unasogeza bomba hilo dogo. Pigo la ubavu linaweza kuilegeza springi, kupindisha skrubu au kukata kiungo. Kwa kliki za robo dakika ya pembe, kila moja ni milimita 7 hivi kwenye mita 100, kwa hiyo kliki 40 kulia zinapaswa kuusogeza msalaba sentimita 29 kwenye ubao uliochorwa miraba, na 40 kushoto kuurudisha palepale. Ukikwama, ukaruka kliki kumi kwa pamoja, au ukarudi pungufu, darubini hiyo haina dawa ya Tabora. Usiifungue, ndani ina gesi ya nitrojeni au argoni iliyowekwa kiwandani ili isipate ukungu, na ukishafungua, gesi hiyo imekwenda.

Ikifaulu yote hayo, ndipo risasi, na mahali palipoidhinishwa. Nane zinatosha zikipangwa vizuri. Moja mita 25: bunduki iliyozero mita 100 hupiga pale sentimita 1 hadi 1.5 chini ya msalaba, kwa hiyo usishtuke wala usirekebishe. Tatu mita 100, mtutu ukipoa kati ya moja na nyingine. Kisha kliki 20 kulia, 20 kushoto kurudi, na mbili zaidi. Zitue ndani ya kundi lilelile la matundu. Mbili za mwisho piga kesho yake asubuhi mtutu ukiwa baridi, kwa sababu springi iliyojeruhiwa mara nyingi hujionyesha baada ya kulala.

Kusoma karatasi ni ufundi wake. Kundi likiwa dogo kama zamani lakini limehama, pete au bezi ilisogea. Ukishaikaza, zero upya na uiamini kama risasi za kesho yake zimekubali. Kundi likitanda juu na chini, shuku mbao na skrubu za mwili. Likitanda kila upande, ni ama darubini ama ukingo wa mdomo. Namna ya kuzitenganisha ni moja: toa darubini, piga tatu mita 50 kwa vilengeo vya chuma. Zikikusanyika, bunduki haina kosa. Zikitawanyika vilevile, umekuwa ukiilaumu darubini bure. Ila kabla ya kipimo hicho hakikisha kilengeo cha mbele nacho hakikupigwa. Kikihama kulia risasi zinakwenda kushoto.

Kipimo cha maji kifanye mwisho, na tu kama mtengenezaji anasema haipitishi maji. Darubini ikiwa imetolewa na vifuniko vya vitufe vimefungwa, izamishe kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 40 kwa dakika mbili. Vipovu vichache vya mwanzo ni hewa ya nje. Mfululizo wa vipovu kutoka sehemu moja ni mpira uliofunguka, na ifikapo Novemba mvua zikianza utaona ukungu ndani kila alfajiri.

Kuhusu kununua: isiyoharibika haipo. Ipo inayopata pigo dogo. Tafuta fupi, nyepesi, ya bomba lililonyooka lisilo na kichwa kipana mbele. Lenzi ya milimita 20 hadi 24 inatosha kabisa kwenye miombo, ambako risasi ya mbali ni mita 100. Iketi chini, karibu na mtutu, kwa pete za chuma, maana kila sentimita ya kimo ni mkono mrefu zaidi wa kuipindulia. Mizigo mikubwa ya kukuza mara 6 hadi 24 iache kwa wapiga shabaha. Pete za kufunguka haraka ni fedha iliyotumika vizuri kuliko ukuzaji zaidi, kwa kuwa darubini ikifa porini askari anaitoa na kutumia vilengeo vya chuma palepale. Dhamana ya maisha kama ya kampuni ya Vortex hufunika hata kuanguka, ni kweli. Hesabu tu miezi ambayo bunduki itakaa bila jicho wakati darubini iko njiani kwenda Marekani na kurudi.

Na hiyo bunduki ilitelezaje? Kiti si mahali pake. Tengenezeni mahali pa kuisimamishia ndani ya gari, mdomo ukiwa juu na kitako kikiwa kwenye kipande cha godoro, na ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli ukiushika mtutu kwenye nguzo. Barabara zetu za vumbi zenye mawimbi kama bati hulegeza skrubu hata bunduki isipoanguka, kwa hiyo mistari ile ya rangi ya kucha itazamwe kila Jumatatu. Ukanda wa kubebea nao uangaliwe mshono na kulabu zake, hasa wa ngozi uliolala na unyevu. Ukikatika, bunduki inaanguka kutoka kimo cha bega. Mdomoni bandikeni kipande cha utepe wa umeme. Hewa inayotangulia risasi huutoboa, shabaha haiguswi, na tope linabaki nje.

Katika daftari andika tarehe, namba ya bunduki, ubavu ulioangukia, skrubu zilizokubali kukaza, kliki ulizosogeza, na uipige pini karatasi yenyewe ya risasi nane kwenye ukurasa huo. Mpaka iwepo, askari watoke na bunduki nyingine.